Kila Tawi Lijiamulie

Nilipokubali kwamba kila tawi lijiamulie lenyewe, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na ili kukataa ilitosha niiweke mezani. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada, katika ukumbi wa kukodi huko Parramatta, mtaa mmoja wa Sydney. Swali lililotukutanisha lilikuwa fupi: je, fomu yetu ya posa iongezwe mstari wa tisa, unaouliza ukoo na asili ya kijana anayeposa? Waliotaka na wasiotaka walikaribia kulingana. Mzee mmoja wa tawi la Parramatta akasema, kwa sauti ya mtu anayesaidia, "Mwenyekiti, tusigombane bure. Kila tawi lijiamulie." Mwenyekiti nilikuwa mimi. Niliyaandika maneno hayo kama yalivyo katika daftari la kumbukumbu, nikaomba mtu atufungie kwa sala. Watu walinipa mkono wakanisifu kwa busara. Katiba ya chama chetu ilimpa mwenyekiti haki ya kukataa badiliko lolote la fomu, na kila mtu pale aliijua haki hiyo, nikiwemo mimi niliyeiandika.

Fomu yenyewe nayo ilikuwa kazi yangu. Kwetu pwani ya Kenya kijana akitaka kuoa humtuma mshenga, na mshenga hufuatana na wazee, na barua, na maneno mengi ya kuzunguka kabla jambo lenyewe halijatajwa. Huku Sydney kijana anaweza kuwa na kazi nzuri hospitalini na asiwe na mjomba hata mmoja upande huu wa dunia. Chama chetu kiliwakusanya watu wanaoelewana kwa Kiswahili: Wakenya, Watanzania, Wakongo wachache, na Warundi wengi waliopitia kambi za Tanzania. Kilikuwa na kamati ya wazee waliosimama mahali pa wazazi. Mimi nilikuwa karani wa bandari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na karani akipewa jambo hulitengenezea fomu. Nchi hii ilinitia moyo, maana huku hata mbwa ana karatasi zake. Nikaandika mistari minane: jina, kazi, kanisa, wazazi wako wapi, nani anayemfahamu, na kadhalika. Mshenga aliipeleka katika bahasha safi, ikasomwa sebuleni kwa akina binti, watu wakacheka, wakala, wakakubaliana. Ilifanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa.

Jambo moja sikulifikiria. Nyumbani swali la ukoo halimo katika barua yoyote kwa sababu haliulizwi mbele ya mwenyewe. Shangazi huenda mtaa wa pili kana kwamba ameenda kuazima kinu, hukaa kidogo, na akirudi anajua babu zako walikuwa akina nani na walifikaje pale. Huku shangazi hana mtaa wa pili wa kwenda. Jirani yake ni Mfilipino, na wa upande wa pili hajapata kumwona uso. Kwa hiyo lile lililokuwa likinong'onwa lilitafuta mahali pengine pa kupita, likaiona fomu.

Yule mzee wa Parramatta, ambaye ndiye pia aliyeuleta mstari wa tisa, alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa pwani kama mimi, mwenye shati lililopigwa pasi na mzaha wa taratibu. Alikuwa na mabinti watatu wasioolewa. "Sisi hatumbagui mtu, Mwenyekiti," alisema siku ile. "Tunauliza tu. Kuuliza si ujinga."

"Na ukishajua, utafanya nini?" aliuliza mama mmoja wa Minto.

"Nikishajua nimejua, mama. Hata daktari wa huku hukuuliza kama babu yako alikuwa na kisukari."

Watu walicheka. Mama huyo hakucheka. Alikuwa Mrundi, mlezi katika nyumba ya wazee, mwanamke mfupi aliyezoea kuinua watu wazito kuliko yeye. Alisimama akashika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Mzee Mwenyekiti, mimi hiyo swali ninaijua," alisema. "Walituuliza kwenye baria, pale barabarani, asubuhi. Kaka yangu ndiye alijibu. Walimtoa pembeni na hatukumuona tena. Mimi nilikuwa nyuma yake."

Baria ndilo neno lao la kizuizi cha barabarani. Alikaa. Mtu akakohoa, na hapo ndipo mwalimu mstaafu alipotoa ushauri wake wa kila tawi lijiamulie. Ulipokelewa kama maji ya kunywa.

Nina sababu ya kukubali kwangu, nami naitaja kwa sababu ni ya kweli, ingawa hainitetei. Babu wa baba yangu alikuwa mtumwa. Aliuzwa akiwa mtoto mahali ambapo hakupajua jina. Meli ya Waingereza ikaikamata ile iliyombeba, akashushwa pwani, akakabidhiwa kwa wamisionari, akabatizwa. Kijiji chetu kizima kilikuwa cha watu kama yeye. Walioishi kutuzunguka walijua, nasi tulijua kwamba wanajua, na tulipokwenda mjini kutafuta kazi tulijifunza kutaja ukoo wa jirani. Baba yangu aliutaja alipoandikishwa kitambulisho. Mimi niliutaja bandarini. Mwanangu wa kiume alipomaliza shule nilimpeleka kwenye kaburi la mzee yule, nikamweleza yote kwa dakika chache, kisha nikamwambia, "Umeshajua. Sasa usiseme." Basi siku ile Parramatta nilihesabu haraka kichwani: mwenyekiti akipinga mstari wa ukoo kwa nguvu, watu watajiuliza ana nini cha kuficha. Nikaona afadhali kura.

Parramatta waliupitisha mstari wiki iliyofuata. Quakers Hill, ambako ninaishi na binti yangu muuguzi, waliukataa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiuguzi. "Sisi tunajaza karatasi zamu nzima," alisema dada mmoja. "Fomu iwe fupi. Kama mnataka historia ya mgonjwa, muulizeni mgonjwa." Watu walicheka, wakapiga kura, wakaenda kuwachukua watoto. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijiona nimefanya kazi nzuri. Lilibaki tawi moja jipya, Minto, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa rasmi. Tuliamua kwamba siku ya kulifungua litapiga kura yake.

Katika majuma hayohayo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa na insha ya historia. Alikuwa na miaka kumi na sita; anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Majibu yake hapa nimeyageuza mimi. Alileta vitabu mezani jikoni alasiri moja akaniuliza kama nilisoma habari za Marekani shuleni. Nilisoma. Mwalimu wetu wa kidato cha nne alitufundisha vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwa juma moja, kwa sababu swali lake lilikuwa na desturi ya kutokea katika mtihani. Insha ya mjukuu wangu ilitaka aeleze jinsi ugomvi kuhusu utumwa katika ardhi za magharibi ulivyoielekeza nchi vitani. Nikavaa miwani.

Kwa jinsi nilivyokumbuka, na jinsi kitabu chake kilivyonisahihisha, ni hivi. Majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa, ya kaskazini yalikuwa yameuacha utumwa, na kwa muda mrefu pande hizo zilivumiliana kwa kuhesabiana: likiingia jimbo moja lenye watumwa, liingie lingine lisilo nao, ili upande mmoja usipate wingi katika Seneti. Lakini nchi ilikuwa ikipanuka kuelekea magharibi, na kila ilipotwaa ardhi swali lilirudi: huko nako mtu ataruhusiwa kummiliki mtu? Missouri ilipotaka kuwa jimbo, iliruhusiwa kuwa na watumwa, na kwa ardhi iliyobaki wakachora mstari kwenye ramani. Kaskazini ya mstari marufuku, kusini ruksa. Mstari ule ulidumu zaidi ya miaka thelathini, na walioishi wakati huo waliuita suluhu.

Kisha wakapigana na Meksiko, wakachukua ardhi kubwa ambayo mstari haukuihusu, wakagombana upya. California ikaingia bila utumwa, na ili kusini ipoe ikapewa sheria kali ya kuwakamata watumwa waliotorokea kaskazini. Baada ya miaka michache tu ikaja zamu ya Kansas na Nebraska. Zote mbili zilikuwa upande wa marufuku. Wakubwa walitaka mambo yaende, reli ipite, kura za kusini zipatikane. Wakaufuta mstari. Wakasema wakazi wa huko wajiamulie wenyewe kwa kura.

Mjukuu wangu alikuwa akiandika. Aliinua kichwa.

"Yaani walipiga kura kama mtu mwingine ni mali?"

"Ndiyo."

"Na huyo mtu mwenyewe, alipiga?"

"Hakupewa karatasi."

"Babu, huo ni ujinga."

"Uandike kwa maneno ya shule."

Tuliendelea. Siku za kura watu wa Missouri walivuka mpaka na bunduki zao, wakapiga kura za Kansas, wakarudi makwao. Watu wa kaskazini nao walituma wahamiaji wao waende wakajaze nchi. Kansas ikawa na serikali mbili, kila moja ikiiita nyingine ya wizi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Mbunge wa kusini alimpiga seneta wa kaskazini kwa bakora ndani ya Seneti kwa sababu ya hotuba aliyoitoa kuhusu Kansas. Mahakama ya juu kabisa ikaamua kwamba mtu mweusi wa asili ya utumwa hawezi kuwa raia, na kwamba bunge halina uwezo wa kuuzuia utumwa katika ardhi zile. Vyama vya zamani vikapasuka. Kikazaliwa kipya ambacho neno lake kubwa lilikuwa kwamba utumwa usiongezewe ardhi. Mgombea wake aliposhinda urais, majimbo ya kusini yakaanza kujitoa hata kabla hajaapishwa, na baada ya hapo yakafuata mapigano.

"Kwa hiyo kura haikumaliza ugomvi," alisema. "Iliuhamisha tu, ikaupeleka Kansas."

"Andika hivyo."

"Hakuna aliyeweza kukataa mapema?"

"Walikuwapo waliokataa. Lakini wenye kalamu walitaka siku ipite salama."

Aliliandika hilo pia. Nilisimama nikachemsha chai. Sitaki kusema kwamba sikuona. Niliona vizuri kabisa, nikiwa nimeshika birika. Kisha nikajiambia kwamba yale yalikuwa mambo ya watu kuuzwa na kuchapwa, na yetu ni karatasi ya harusi. Tofauti hiyo ni ya kweli na bado naiheshimu. Hakuna aliyeuzwa Minto. Lakini niliitumia tofauti hiyo kama mtu anavyotumia mwavuli, kujikinga, na nikanywa chai yangu.

Mwanangu alikuja Jumapili iliyofuata. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, anafanya kazi ya ofisi Parramatta, na alikuwa na tabia ya kunikagulia dawa zangu bila kuulizwa. Tulikaa nyuma ya nyumba.

"Baba, nimepata mchumba."

"Wa wapi?"

Alinitazama, akacheka kidogo. "Unaona? Hata wewe."

"Nauliza anakaa wapi."

"Anakaa Minto. Ni binti wa yule mama."

"Yule aliyesema habari za baria?"

"Yule yule. Na ameniambia kabisa, fomu yenye swali lile haitaingia nyumbani kwake, hata ikiletwa na malaika amevaa suti."

"Basi nendeni mkaandikishwe kwa serikali. Huku inaruhusiwa."

"Si ruhusa anayotaka, baba. Watu wake wote walikufa. Anataka siku moja wazee wakae sebuleni kwake wambembeleze kwa ajili ya binti yake, kama watu. Na yeye ni wa tawi la Minto. Mkiupitisha mstari pale, hapati."

Nilimwambia kwamba Minto wenyewe huenda wakaukataa. Aliniuliza, na wasipoukataa? Nikasema tutaona.

"Lakini wewe una haki ya kukataa. Sasa hivi, leo. Piga simu tu."

"Nimeshakubali mbele ya watu. Mwenyekiti habadiliki kama upepo."

"Baba, wewe unajua sisi ni nani."

"Usipaze sauti."

"Nani atasikia? Majirani hata 'jambo' hawaijui."

Alicheka tena, nami nikacheka, na kwa muda tulikuwa kama zamani. Alipoondoka aliniambia kwa upole, "Fikiria, mzee wangu." Nilimwahidi nitafikiria. Nilichofikiria majuma matatu yaliyobaki kabla ya siku ya Minto ni jinsi ya kupita katikati bila kuguswa na upande wowote.

Siku ya Minto ilikuwa Jumamosi yenye joto. Ukumbi ulikuwa karibu na maghala, na kwa kawaida mwisho wa juma maegesho yake huwa matupu. Tulipofika yalikuwa yamejaa. Kosa langu la pili lilikuwa hapo, na lilikuwa la kikarani kabisa: nilikuwa sijaandika mahali popote ni nani anayehesabiwa kuwa mtu wa Minto. Daftari lilikuwa mlangoni, na aliyetia saini na kuandika anwani ya Minto alipewa karatasi ya kura. Parramatta walikuja kwa magari. Quakers Hill nao, wale waliotaka fomu fupi, walikuja kwa magari. Kila mtu alikuwa ghafla na binamu Minto. Niliposoma daftari niliona watu watano wa ukoo tofauti wakiishi nyumba moja, na mmoja aliyeandika anwani ya duka la matairi lililokuwa ng'ambo ya barabara.

"Unalala juu ya matairi, kaka?" dada mmoja muuguzi alimwuliza.

"Na wewe umekuja kuangalia treni?" alijibiwa.

Mwanangu aliketi safu ya tatu, karibu na yule mama na binti yake. Mama huyo alikuwa amepika. Sufuria zake zilikuwa mezani nyuma, zimefunikwa kwa taulo. Nilifungua mkutano, nikasoma pendekezo, nikauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kura. Mwanangu akasimama.

"Ndugu zangu, mimi nataka kuposa katika tawi hili," alisema. Kiswahili chake ni kizuri, nilimfundisha mwenyewe. "Mkiupitisha mstari huu, nitaujaza. Nitaandika hivi. Babu wa babu yangu aliuzwa akiwa mtoto. Waingereza walimkuta melini wakamshusha pwani. Alikotoka hatukujui. Ukoo, haujulikani. Asili, haijulikani. Anayeona hilo linapunguza kitu aseme leo, mbele yangu, asiende kunisema jikoni. Na kama kuna anayedhani nasema uongo, shahidi wangu ni mwenyekiti."

Nyuso zote zikanigeukia. Mwalimu mstaafu hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa, "Mwenyekiti, ni kweli?"

Nilisema, "Ndugu mjumbe ametoka nje ya ajenda. Akae."

"Jibu, mzee!" mtu aliita kutoka nyuma. "Ndiyo au siyo?"

Mwanangu alikuwa bado amesimama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akingoja, kama alivyokuwa akiningoja alipokuwa mtoto, nje ya ofisi yangu bandarini.

"Hayo ni maneno ya kijana aliyekasirika," nilisema. "Ukoo wangu unajulikana." Na nikautaja ukoo wa jirani, ule wa kuazima, mbele ya watu wote, kwa sauti iliyokuwa imara kuliko nilivyotarajia.

Mwanangu alichukua koti lake kwenye kiti akatoka. Binti alimfuata. Yule mama alibaki kidogo, akanitazama kwa namna anayowatazama wagonjwa wake, nadhani. "Mzee," alisema, "weye una bahati. Hakuna aliyekushikia panga, na bado umemkana mtoto." Kisha akaenda nyuma akaanza kukusanya sufuria zake.

Nikaendesha kura. Sijui kwa nini, lakini niliiendesha kwa utaratibu wote, na mstari ukapita kwa kura chache. Mtu akasema wamepita kwa kura za matairi. Mwingine akasema afadhali matairi kuliko wahamiaji wa kuletwa. Wakasukumana. Meza moja ilianguka, mtu mzima alimpiga kofi mtu mzima mwenzake, na watoto waliokuwa wakicheza nje wakaja dirishani kuangalia. Mwaka huo haukuisha kabla chama hakijawa viwili, kila kimoja na muhuri wake na katiba niliyoiandika mimi, kila kimoja kikisema ndicho cha halali. Watu waliozikana pamoja kwa miaka mingi wakaanza kufanya ibada mbili kwa marehemu mmoja.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilipotoka nilimkuta mwanangu kwenye maegesho, amesimama kando ya gari lake. Ningependa kusema alinitukana. Hakunitukana.

"Baba, sikutaka unishindie kura," alisema. "Nilitaka useme ndiyo. Neno moja."

"Ulinitega mbele ya watu."

"Nilikuita uwe shahidi. Hakuna mwingine ninayeweza kumwita." Alifungua mlango. "Nikupeleke nyumbani?"

Nilikataa kwa kiburi. Nikaenda stesheni, nikapanda treni mbili mpaka Quakers Hill, na njia nzima nilikuwa nikitunga hoja za kumpelekea. Zilikuwa hoja nzuri. Sikupata nafasi ya kuzitoa, kwa sababu kuanzia wiki ile hakupokea simu yangu.

Mwalimu mstaafu alinitembelea miezi kadhaa baadaye. Alileta maembe kutoka sokoni, akakaa, akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. "Nilijua siku nyingi, ndugu yangu. Pwani ni ndogo. Shangazi yangu alifundisha shule ya kijiji chenu."

"Kwa nini hukusema?"

"Lilikuwa lako. Mimi nilitaka mstari kwa ajili ya binti zangu, na hata leo nautaka, sitakudanganya. Wewe ungeukataa ningekasirika mwaka mmoja, yakaisha." Alimenya embe kwa kisu chake mwenyewe. "Lakini kumkana kijana vile, sikupenda."

Kwa hiyo hata siri niliyoilinda haikuwa siri. Alipoondoka sikumsindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka. Tangu hapo tunasalimiana tu.

Yule mama alipata posa yake. Wazee wa Quakers Hill, wale walioshindwa kura, walikwenda Minto bila fomu yoyote, wakakaa sebuleni kwake, wakambembeleza kutwa nzima. Binti yangu alikuwa miongoni mwa waliopika. Aliniambia yamefanyika baada ya kufanyika, na aliniambia pia kwamba walipofika mahali pa kumtaja baba wa kijana, mshenga alisema baba hayupo, wakaendelea. Harusi niliiona kwenye simu ya mjukuu wangu. Alinionyesha picha tatu, kisha akakumbuka kitu, akaizima. Insha yake ilikuwa imeshasahihishwa. Alipata alama nzuri, akanishukuru kwa msaada wangu.

Walihamia Perth. Wana mtoto wa kiume ambaye mwaka huu ataanza shule. Nimeandika barua nne. Katika ya kwanza nilijitetea, katika ya pili nilieleza, katika ya tatu niliomba radhi lakini nikaongeza sababu. Ya nne ina maneno machache: kwamba alichosema kilikuwa kweli, kwamba nilijua, na kwamba nilisema uongo kwa sababu ya woga. Nilituma pia nakala yake kwa vyama vyote viwili, isomwe. Kimoja kiliisoma. Nilimwuliza mjukuu wangu kama mjomba wake ameipata. Alisema ameipata. Nilimwuliza amesema nini. Alitazama sahani yake, akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi: "Hajasema kitu, babu."

Nina miaka sabini na tisa. Uamuzi wa kila tawi lijiamulie ulivunja chama, na chama kingeweza kuvunjika kwa njia nyingine. Kilichokuwa changu peke yangu ni mwanangu. Nilikuwa naye mmoja wa kiume, aliniomba nikatae, sikukataa, kisha nikamkana ili nisionekane. Yu hai, yuko katika nchi hii hii, na nimempoteza.